Mama Restuta na Bomba la Ilulwe

Mara ya kwanza Gwalugano alipotaka kwenda Tunduma kumhudumia bintiye katika uzazi, walimshusha garini. Alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma ya dereva pale stendi ya Itumba, ndizi na unga wa ulezi vimefungwa juu ya gari, na Noah imebakiza abiria mmoja tu ijae. Ikaja pikipiki mbio, imelowa matope mpaka kwenye taa. Aliyepakiwa nyuma alikuwa Ambilikile, mwenyekiti wa kijiji chao cha Ilulwe, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, kofia ameishika mkononi isipeperuke.

"Mama Restuta," alisema akiinamia dirisha, "samahani sana. Maji yamekatika."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri. Mabomba ya vitongoji vyote yanapumua tu. Shuka, mama. Watoto wa shule hawajanywa hata uji."

Abiria wenzake walimtazama, wakasubiri. Angefanyaje? Akashuka.

Kumbe hewa ilikuwa imeziba bomba penye kilima cha pili. Alifukua koki ya kutolea hewa, akaifungua, hewa ikatoka ikipiga mluzi, akaifunga. Kazi ya muda wa kuivisha viazi. Lakini magari ya siku ile yalikuwa yamekwisha, usiku mvua ikaharibu barabara, na siku ya tatu Restuta akajifungua mtoto wake wa kwanza kwa tabu kubwa, bila mtu wa kwao hata mmoja. Walipoongea kwa simu alisema neno moja tu: "Nilikuwa nakuita, mama." Hakulaumu. Gwalugano alitamani angelaumu, maana lawama ina jibu.

Ilulwe iko milimani huko Ileje, nyumba moja juu ya nyingine, hata mtu akimwaga maji uani kwake yanampitia jirani mlangoni. Mto Songwe unauona chini kabisa, umejikunja kama kamba iliyotupwa, na ng'ambo yake ni Malawi. Kuuona ni rahisi. Kuushukia na ndoo na kupanda nayo ni nusu ya siku. Ndiyo maana wazee wa zamani walipoambiwa kwamba mabomba yataletwa iwapo kijiji kitatoa mikono, hawakuuliza mara mbili. Walichimba kwa msaragambo, kila kaya na kipande chake, kutoka chemchemi iliyo juu msituni mpaka vitongoji vitatu. Mawe yalikuwa yao, na mchanga ulikuwa wao pia. Fundi aliyesimamia kazi alipoondoka aliondoka na ramani yake, na tangu hapo ramani ya Ilulwe ikabaki kichwani mwa mtu mmoja, Edson, aliyechaguliwa kulitunza bomba.

Gwalugano alikuwa binti yake wa pekee. Ndiye aliyempelekea chakula mtaroni, ndiye aliyemshikia jembe, na bila kukusudia alijua kila kiungo kilipofukiwa: hiki chini ya mgomba wa fulani, kile hatua tatu kutoka kwenye jiwe jeupe. Edson alipofariki, matanga hayajaisha, watu walimjia wakiwa na aibu kidogo. "Pole na msiba, dada. Marehemu alikuwa anafungulia wapi?" Akafunga kanga vizuri, akaenda kuwaonyesha. Ilikuwa miaka kumi na minane iliyopita.

Tangu siku ile hakuwahi kulala nje ya Ilulwe zaidi ya siku mbili. Mumewe alipokuwa mgonjwa na kulazwa mbali, wengine walimuuguza kwa zamu. Yeye alikwenda, akarudishwa. Wenzake walikwenda kuvuna kahawa Iyula wakarudi na hadithi, yeye akabaki. Si kwamba walimtendea vibaya. Kila Krismasi kanisa lilimpa kitenge mbele ya watu wote, na mchungaji humuombea kwa jina. Akipita njiani, wanawake huweka mizigo chini wamwamkie. Lakini alipowaambia wenye kamati ya maji wamletee mtu wa kumfundisha, walicheka kwa upendo. "Na wewe upo? Nani atajua kama wewe?" Kamba ya namna hiyo ndiyo ngumu kukata, kwa sababu kila aliyeishika ameishika akitabasamu.

Mwaka huu Restuta alikuwa na mimba tena. Mume wake ni dereva wa malori yanayovuka mpaka, leo yuko Lusaka, kesho haijulikani. Mtoto alitarajiwa baada ya Pasaka. "Safari hii sikuombi, mama," alisema kwenye simu. "Nakuambia. Daktari amesema nisikae peke yangu."

"Nitakuja," Gwalugano akamjibu. "Hata kwa miguu."

Katikati ya Machi mlima ukaporomoka.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo. Asubuhi ya siku ya kumi ulisikika mngurumo mrefu kutoka juu, kuku wakanyamaza, kisha maji yakakatika. Gwalugano alipanda na jembe lake mpaka karibu na chemchemi, akakuta kipande cha mlima hakipo. Palipokuwa na njia, migomba pori na bomba, palikuwa na kovu la udongo mwekundu, upana wa hatua arobaini. Upande wa juu bomba lililokatika lilikuwa likimwaga maji safi korongoni. Lile la upande wa chini lilikuwa limekaa mdomo wazi, limejaa tope. Akakaa juu ya jiwe. Hakulia. Alihesabu tu wiki zilizobaki mpaka Pasaka.

Ambilikile alipiga simu kwa watu wa Chemchemi Hai, mradi uliokuwa umewaahidi mabomba mapya tangu mwaka juzi. Wakamwambia wasubiri. Wiki ikapita. Wanawake wakaanza kushuka Songwe. Wa kwanza kuanguka na ndoo aliteguka kiuno. Maji yenyewe yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na kabla ya wiki ya pili kwisha watoto kadhaa walikuwa wakiharisha. Mkutano ukaitwa uwanja wa shule.

"Mabomba yako njiani," alisema Ambilikile. "Tuwe na subira."

"Njia gani hiyo isiyofika?" aliuliza Jenista. Huyu alikuwa jirani yake Gwalugano, mjane mwenzake, msusi wa vikapu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Watu wakaguna. Halafu, kama kawaida, macho yote yakageuka yakamtazama Gwalugano.

Alisimama akiwa hajapanga la kusema. "Baba aliwahi kuniambia kwamba zamani kuna mahali watu walipitisha maji kwenye mianzi," alisema. "Sijawahi kuona. Ila pale juu maji hayana nguvu bado, ndiyo kwanza yanatoka chemchemi. Mwanzi unaweza kuyabeba. Huku chini ungepasuka, pale hautapasuka."

"Mianzi ya wapi?"

"Ya Jenista."

Jenista alishika kiuno. Mianzi ile ndiyo shamba lake, ndiyo mume wake, kama alivyozoea kutania. "Utanimalizia riziki, mwenzangu."

"Nikikuachia mizizi itaota."

Jenista alitazama watu, akamtazama mtoto wa jirani aliyelala mgongoni mwa mama yake, midomo imekauka. "Kateni iliyokomaa," alisema. "Michanga, atakayeigusa nitamkata yeye."

Siku ya pili msaragambo ukapigwa, wa kwanza wa maana tangu enzi za Edson. Wengine walikata mianzi, wengine wakaibeba mabegani kupanda nayo msituni, mirefu, ikigongana kwenye kona za njia. Pale juu waliwasha moto, wakachoma nondo mpaka ikaiva nyekundu, wakatoboa vifundo vya ndani kimoja baada ya kingine, moshi mtamu ukipanda. Waya wa uzio uliochakaa ukafungwa kuzunguka kila mwanzi usipasuke. Tyubu za baiskeli zikachanwa vipande vya kufungia maungio. Kwa kuwa mwanzi mmoja ni mwembamba kuliko bomba, walipanga mistari miwili sambamba, ikiegemea nguzo zenye panda zilizochimbiwa kukatisha lile kovu.

Siku ya tatu ya kazi Gwalugano alikuwa katikati ya poromoko akipima mteremko, udongo ukamtitia chini ya miguu. Haukuporomoka kwa kishindo. Ulimmeza polepole, kwanza magoti, halafu mapaja, halafu tope kutoka juu likaja likamkalia kiunoni, zito, baridi, likamkaza kama saruji. Alijaribu kuinua mguu, ukakataa. Akajaribu wa pili, akazama zaidi. Juu yake udongo ulikuwa ukimwagika kwa chembe ndogo ndogo, kama mtu anayepepeta.

Kwenye kingo mbili za kovu walisimama watu sitini, jembe mkononi, kamba mkononi. Hakuna aliyetikisika. Ndipo Ambilikile akaweka viganja mdomoni akapaza sauti:

"Mama Restuta! Tufanyeje?"

Gwalugano aliposikia swali lile, kitu kilimpanda kifuani kuliko tope lenyewe. Amezama nusu, na bado anaulizwa yeye! Akatamani kucheka, kicheko kikawa kilio. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane hakujibu. Alinyamaza makusudi, akawatazama.

Ukimya ule ulikuwa mrefu. Aliyeuvunja ni Jenista. "Nyie mnasubiri nini? Leteni mianzi ilazwe juu ya tope! Wewe, funga kamba ile kwenye mti! Wepesi watangulie!" Wakalaza mianzi kama ngazi, Jenista akatambaa juu yake kwa tumbo, nyuma yake Tumpale, mke wa mwinjilisti, mwanamke mwembamba ambaye kijijini hakuwa akisikika. Walichimba kwa mikono na sahani za bati. Walipomtoa, viatu vilibaki huko huko chini, na suruali aliyovaa ndani ya sketi ilikuwa imepasuka goti hadi kifundo.

"Ulikuwa umepoteza sauti?" Jenista alimuuliza wakiwa wamekaa nyasini.

"Nilikuwa nayo."

Jenista alimtazama sana, kisha akafuta tope usoni mwake kwa upindo wa kanga.

Siku ya tano maji yakapita. Yalianza mekundu, yakawa ya chungwa, na kufikia jioni yalikuwa meupe. Kwenye bomba la shule watoto waliimba. Kila ungio lilidondosha kidogo, lakini vitongoji vitatu vilijaza ndoo. Gwalugano alitandika godoro lake, akatoa begi la safari, akakunja kitenge cha kwanza ndani. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku chache kufika Pasaka.

Watu wa Chemchemi Hai walifika siku mbili baadaye, na gari jeupe, bila mabomba. Kiongozi wao aliitwa Anania, kijana mstaarabu, mwenye daftari. Alipanda mpaka kwenye kovu, akapiga picha mianzi, akapiga picha Gwalugano kando ya mianzi, akapeana mikono na kila mtu. "Hii ndiyo tunayohubiri siku zote," alisema. "Jamii inayotumia ilichonacho. Nitaandika habari zenu."

"Na mabomba?" aliuliza Gwalugano.

Anania alifunga daftari. "Mama, nisiwadanganye. Yale mabomba yamepelekwa kijiji kingine. Wao hawana hata tone. Nyie mmeshajisaidia."

"Kwa hiyo tungekaa na kiu ndiyo tungepata."

"Sikusema hivyo, mama."

"Najua hukusema."

Kijana wa watu aliona aibu, ilionekana, lakini aibu haipitishi maji. Gari lilipoondoka Ambilikile alikuwa anang'aa bado kwa sifa. "Umesikia wanavyotusema vizuri?" alimwambia Gwalugano wakiteremka. "Sasa hii mianzi itakuwa inataka jicho la karibu. Ungio moja likiachia ni hasara. Nimewaza, tukujengee kibanda kidogo huku juu, uwe unashinda huku. Kijiji kitakulimia shamba."

Hapo ndipo Gwalugano alipoelewa alichokifanya. Bomba la plastiki lilimruhusu siku mbili. Mianzi haitamruhusu hata moja, na ikioza, baada ya mwaka au miwili, ataitwa kuifunga upya, na kila ikifungwa upya mabomba ya kweli yatazidi kwenda kwa wengine. Alikuwa amejenga uzio kwa mikono yake, nguzo kwa nguzo, na watu wakimpigia makofi. Alitembea nyuma ya mwenyekiti akiangalia visigino vyake, pumzi fupi, kama bado tope liko kiunoni.

Alipofika nyumbani alimkuta Jenista ameketi kizingitini anasuka. Akamweleza yote.

"Ukienda bila kusema watakufuata mpaka Tunduma," alisema Jenista. "Wanajua kwa mwanao."

"Nifanyeje?"

"Mh! Sasa na wewe unaniuliza mimi kama wao."

Gwalugano akakaa. Wote wawili wakatazama njia. Kisha akasema, "Nina hofu, Jenista. Wakijua wote, mimi nitakuwa nani?"

Hilo hakuwahi kulisema, hata kwenye maombi. Jenista aliendelea kusuka mpaka ufito ule wa mwanzi ukaisha. "Utakuwa bibi ya wajukuu wawili," alisema.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, matangazo yalipokwisha, Gwalugano alisimama. Alisema kwamba Jumatano ataondoka. Hakuomba. Kabla ya hapo, Jumatatu na Jumanne, atatembea na bomba kutoka chemchemi mpaka tone la mwisho, na anayekunywa maji ya Ilulwe aje na mche wa masale, yale yapandwayo kuonyesha mipaka. Penye kila kiungo na kila koki utapandwa mche, ili hata mgeni aone.

Ambilikile aliinuka. "Mama Restuta, siri ya bomba ikiwa ya kila mtu, watu watachezea koki. Huyu atafungulia kwake, yule atafungia mwenzake. Amani itakuwepo?"

Na hakuwa anasema uongo. Kila mmoja alimfikiria jirani yake. Ndipo Tumpale, yule mke wa mwinjilisti, akasema kwa sauti ndogo kutoka kiti cha nyuma: "Mwenyekiti, pale kwenye tope tulikuwa sitini. Mama huyu angekufa, leo tungekunywa nini?"

Jumatatu walikuja watu kumi na mmoja, wengi wao wanawake. Jumanne wakawa ishirini na tatu, na Ambilikile mmojawapo, amebeba miche mitano. Gwalugano aliwaonyesha mahali ambapo hewa hujikusanya. Aliwafundisha kuweka sikio kwenye bomba, na namna ya kusikia tofauti kati ya maji yanayokwenda na maji yaliyokwama. Kila alipoonyesha kiungo alihisi kama amevua nguo moja mbele yao. Walipofika bomba la mwisho alikuwa amechoka kupita siku zote za tope.

Jumatano akaondoka. Hakuna aliyemfuata.

Tunduma alikuta malori yamejipanga tangu Mpemba, vumbi, kelele, watu wakipatana bei kwa Kiswahili na Kibemba katika sentensi moja. Restuta alijifungua mtoto wa kike wiki ya Pasaka, mchana kweupe, mama yake akiwa nje ya mlango wa wodi. Ilikuwa tabu tena, saa kumi na tatu. Lakini safari hii alipoita, aliitikiwa.

Gwalugano aliogesha kichanga, akamlisha yule mkubwa, akapika uji, akafua. Mtaa ule maji hutoka mara mbili kwa wiki, na siku nyingine hununuliwa kwa mikokoteni yenye madumu. Kila mkokoteni ulipopita alisimama mlangoni. Simu yake aliiweka mahali aione. Siku ya sita ikaita, akaidaka.

"Mianzi miwili ilipasuka juzi," alisema Jenista.

"Juzi! Mbona hukunipigia?"

"Ungefanya nini na uko huko? Tulikaa bila maji siku mbili. Watu walinuna, wakashuka Songwe. Tumpale amefungua koki siyo, akamwagia mtu shamba la maharage, wamegombana. Leo yametoka. Mtoto anaitwa nani?"

Akamwambia. Walipomaliza kuongea aliishika simu muda mrefu. Alikuwa ameomba kwa miaka wasimwite, na sasa hawakumwita, na lilikuwa jambo linalouma mahali asipopajua.

Alikaa Tunduma mpaka arobaini ya mtoto ilipotimia. Restuta alimsihi abaki moja kwa moja, akamtengea na kitanda. Hakukataa, hakukubali. Alisema ana shamba, ana nyumba, ataangalia. Kusema kweli alikuwa hajui tena lipi analitaka na lipi amelizoea.

Aliporudi Ilulwe, mvua zilikuwa zimekwisha na mabomba ya mradi hayakuwa yamefika. Ambilikile alikuwa ameandika barua mbili, na safari hii hakutuma sifa, alituma majina ya watoto walioharisha. Majibu yalikuwa bado. Gwalugano alipanda msituni siku ya pili tu, miguu ikimpeleka yenyewe. Akakuta watu wanane kazini. Mistari ya mianzi haikuwa pale alipoiweka. Ilikuwa imehamishwa juu zaidi, ikapitishwa ubavuni mwa mwamba, mahali ambapo yeye alipaacha akidhani ni parefu mno.

"Nani amewaambia mpitishe huko?" aliuliza.

"Udongo wa kule ulikuwa unatembea bado," alijibu Tumpale bila kugeuka, mdomoni ameuma kipande cha tyubu. "Tumeona tuiegemeze mianzi kwenye jiwe."

Gwalugano aliutazama mteremko, akapima kwa jicho, akatafuta kosa. Akatafuta tena. Hakuliona.

"Mama Restuta, shikamoo," alisema Tumpale, akautoa mpira mdomoni. "Usisimame hapo, utatuzuia. Njoo ushike huku, uinue kidogo."

Akavua viatu, akasogea, akashika mwanzi.

"Juu kidogo," wakamwambia.

Akainua.